Sanduku la Bwana Shamba

Shida ilinianza mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipovuka Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba. Alituletea barua moja, halafu kimya mpaka leo. Nikaacha shule darasa la pili. Mama alikuwa na jembe moja na mikono miwili, na shamba letu la Pito lilitaka mikono minne. Nilifyatua matofali, nilibeba mbao, nikajifunza useremala kwa kumchungulia fundi wa misheni dirishani, maana ndani hakuniruhusu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anayemcheka Bwana Shamba ni nani. Si msomi mwenzake. Ni mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole.

Bwana Shamba ndivyo tulivyomwita, na hakupenda. Alikuwa afisa kilimo, kweli, lakini alitaka aitwe mhitimu. Ukimwamkia "Habari, Bwana Shamba," anajibia puani. Ukimwamkia "Habari, mhitimu," anakukaribisha chai. Mimi nilikunywa chai nyingi kwake nilipokuwa na njaa, na kidogo sana nilipokuwa na shibe.

Kila alichokisema kilianza na maneno mawili: chuoni kwetu. Chai ikipoa, chuoni kwetu chai ilitoka kwenye birika kubwa kama ndama. Mvua ikichelewa, chuoni kwetu kulikuwa na chombo cha kupimia mvua. Mbwa akibweka, nadhani hata mbwa wa chuoni kwao walikuwa wanabweka kwa zamu. Siku moja mkewe, mama mpole wa kijiji cha Kate ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimwekea ugali mezani akasema, "Basi ungekioa hicho chuo." Akarudi jikoni. Bwana Shamba akanigeukia akasema, "Unaona, Fundi? Hiyo ni hoja, lakini haina ushahidi."

Alikuwa katibu wa chama cha wahitimu cha Sumbawanga. Chama kilikuwa na watu watatu: yeye, hakimu mmoja, na mwalimu wa sekondari aliyekuwa anakuja kwa sababu ya kuku. Mara moja kwa mwaka, siku waliyohitimu wao, walivaa majoho meusi na zile kofia bapa zenye kishada, wakatembea kwa mstari kutoka nyumbani kwake Milanzi mpaka barabarani na kurudi. Wakiimba. Mji huu ni wa Wakatoliki, na kwetu mtu mwenye vazi jeusi refu ni mmoja tu. Watoto walikuwa wanapiga magoti njiani. Bibi mmoja aliyetoka sokoni alitua kapu lake, akamsogelea Bwana Shamba akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele, amina," akajibu.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumweleza yule bibi ukweli. Akasema alikuwa amevaa joho, asingeweza kumwaibisha mtu aliyeliheshimu. Mimi nadhani alilipenda lile neno "baba".

Joho hilo lilikaa kwenye begi la bati, pamoja na vitu vingine alivyoviita kumbukumbu. Kulikuwa na sahani ya bati yenye vyumba vitano, ya bwalo la chuo. Kulikuwa na kadi yake ya chakula, imetobolewa matundu mpaka inafanana na chujio. Chupa ya dawa yenye udongo wa shamba la majaribio. Na ufunguo wa chumba chake cha bweni, wenye namba. Huo ufunguo ulinisumbua kwa miaka. Ulitakiwa kurudishwa, hata mimi wa darasa la pili najua. Mimi nikiondoka na ufunguo wa mtu naitwa mwizi. Yeye ameondoka nao, anaitwa mhitimu.

"Nimeutunza," alisema nilipomchokoza.

"Na aliyekuja kulala baada yako aliingilia wapi? Dirishani?"

"Fundi, wewe huwezi kuelewa mapenzi ya chuo."

Hapo alikuwa sahihi. Lakini kitu kikubwa kwenye begi lile hakikuwa ufunguo. Kilikuwa kitabu cha utafiti wake, jalada jeusi, jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nacho hakikugusika. Ukitaka kukiona unanawa mikono, unakaa, anakufungulia yeye. Hufunui kurasa kwa mate. Hupumui karibu. Na kitabu hicho kinanihusu, ndiyo maana naandika.

Alikuja kwetu Pito zamani, bado mwanafunzi, na kamera shingoni, kutuuliza jinsi tunavyotengeneza ntumba. Ntumba ni yale matuta ya mviringo ya Kifipa: unafukia majani kichwa chini udongo ukiwa bado na maji, mwezi wa pili au wa tatu, juu unapanda maharage, na mwaka unaofuata unalitawanya tuta lililooza unapanda ulezi. Hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua. Isipokuwa yeye. Mtu wa Kate kabisa, ila alipelekwa bweni akiwa mdogo, na mikono yake ikabaki laini kama ya mwali. Akamwuliza mama yangu mambo ambayo mama yake mwenyewe angemjibu bila daftari.

Siku ya mwisho akasema anataka picha ya mama akiwa anatengeneza tuta. Mimi nilikuwepo, nafyatua matofali ng'ambo ya kijito. Mama alimwambia asubiri. Akaingia ndani. Akatoka amevaa blauzi nyeupe ya kanisani, kitenge kipya na rozari.

"Mama, shikamoo tena," akasema yule mwanafunzi, amechanganyikiwa. "Naomba uvae zile za shamba. Na ushike jembe."

"Jembe? Kwenye picha? Watu watasema nimezaa mawe!" Akalisukuma jembe kwa mguu mpaka nyuma ya tuta.

"Basi sogea kidogo, mama, tuta lionekane."

"Mwanangu, umekuja kupiga picha mtu au udongo?"

Akasimama mbele ya tuta, akajitandaza na kile kitenge, tuta lote likafichika. Mwanafunzi alikuwa amebakiwa na picha moja tu kwenye filamu. Akapiga. Ikabandikwa kwenye kitabu kama picha ya tuta la Kifipa, na ndani yake kuna kila kitu isipokuwa tuta. Mwalimu wake aliuliza tuta liko wapi. Akamkata alama saba. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila nilipokutana na Bwana Shamba, kabla ya habari za watoto alinikumbusha: "Mama yako alininyima alama saba."

Mama naye alitoka pale na imani yake, na hakuna padri aliyeweza kuibadilisha. Aliamini amehifadhiwa. Ilipofika miaka ya ruksa, mitumba ikajaa sokoni, nami nikanunua mashine ya kusaga ya kwanza, akaja mpiga picha akafungua studio Milanzi yenye pazia la maporomoko ya maji. Nilimpeleka Pito kwa baiskeli, na kamera yake, ampige mama picha. Mama alimfukuza na mwiko.

"Picha yangu ipo chuo kikuu," alisema. "Mtu ana sura ngapi?"

Nilimpeleka mara ya pili, siku ya Pasaka. Mama akafunika uso na khanga mpaka tulipoondoka. Kwa hiyo mama yangu alizeeka bila picha nyingine duniani, akiringa mbele ya wanawake wenzake kwamba yeye yuko chuoni.

Sasa nirudi kwa Bwana Shamba wakati serikali ilipopunguza watu kazini. Alipata barua yake mwezi wa sita. Kwa miaka alikuwa amewahubiria watu wa Pito wapande kwa mistari na mbolea ya chumvichumvi, waache matuta ya mababu. Halafu bei ya mbolea ikapaa, na yeye akabaki na shamba na jembe. Siku moja mwezi wa saba, upepo wa baridi unakata masikio, nikamkuta shambani, tai shingoni, anatengeneza ntumba. Mwezi wa saba! Udongo umekauka kama kigae. Mtu aliyeandika kitabu kizima cha matuta, kina ramani, kina michoro, na hakukumbuka kwamba nyasi zinaozeshwa na maji. Kabla ya mvua kufika, mchwa walikuwa wameshakula majani yote, na matuta yamebaki matupu ndani kama ngoma.

Mama alikwenda kuyaona. Tayari alikuwa anatembelea fimbo. Akaligonga moja, likalia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," alimwambia, "hili ni kaburi la nyasi. Nyasi zinapikwa na mvua. Kwani uliandika nini siku zile?"

"Niliandika, mama. Niliandika mwezi."

"Uliandika halafu hukusoma."

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya shamba la mhitimu akamwelekeza tuta moja moja. Mwaka wa pili yake, matuta yalipotawanywa, Bwana Shamba alipata ulezi mwingi kuliko sisi sote, hata familia ya Wasukuma iliyohamia jirani na ng'ombe wao ilikuja kuuliza. Unajua aliwajibu nini? "Chuoni kwetu tulilitafiti sana jambo hili." Na mama amekaa pale pale, anasikia.

Nisije nikamdhulumu. Aliandika barua za watu wasiojua kuandika, na hakupokea hata yai. Mwanangu wa pili alifaulu hesabu kwa sababu yake. Na ile sahani ya vyumba vitano aliilia mara moja kwa mwaka tu, lakini mjukuu wa jirani alipougua na kukataa kula, ni yeye aliyeitoa kwenye begi, akampelekea uji kwenye chumba kimoja, ndizi kwenye kingine, karanga kwenye cha tatu, na mtoto akala kwa kushangaa. Halafu akaisugua kwa majivu siku nzima, analalamika.

Mama alifariki mwezi wa saba, baridi ile ile. Bwana Shamba alikuja mazikoni amevaa joho na kofia ya kishada. Watu walicheka pembeni ya kaburi, na mimi nilikaribia kumpiga. Nilidhani ametuletea maonyesho. Alisimama nyuma peke yake, hakuimba, hakuhutubia, akamwaga udongo wake akaondoka. Joho likiwa na udongo mpaka magotini.

Baada ya arobaini nikaenda kwake kuomba picha. Nilikwenda na mpiga picha wa studio ili ainakili, basi, kitabu chake kibaki. Bwana Shamba alitunawisha mikono. Kisha akakataa kitabu kifunguliwe zaidi ya nusu. "Mtakivunja mgongo," alisema, na akakishikilia yeye mwenyewe kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa. Picha iliposafishwa, mama alikuwa na jicho moja. Jingine limemezwa na mpindo wa kitabu. Nilimrudishia hiyo nakala mlangoni kwake. Nikamwambia, mama yangu hakuwa chongo.

Mwaka mmoja ukapita hatusemezani, ndipo ikaja barua ya chuo. Chuo kinatimiza miaka, wanatengeneza chumba cha kumbukumbu, wahitimu popote walipo wanaombwa kutuma walivyovitunza. Bwana Shamba alitembea na barua hiyo mfukoni kama kibali cha kuoa. Akaja karakana kwangu, begi la bati limefungwa kwenye baiskeli, na kusahau kabisa kwamba tulikuwa tumenuniana.

"Fundi, nataka sanduku. Kila kitu kiwe na chumba chake. Hivi haviwezi kusafiri barabara ile vikigongana."

"Vyote unavituma?"

"Vyote. Ndiyo kazi ya kuvitunza. Siku wakiviita, viende."

Nilipima sahani. Nilipima ufunguo, nikacheka. Nikapima kitabu, na hapo sikucheka, kwa sababu nilijua kikishapanda basi sitakiona tena, na mimi sina ruhusa ya kuingia chuo chochote duniani. Binti yangu, yule aliyemaliza kidato cha nne, alileta chai. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwenye picha, ukurasa wa arobaini na moja. Nikamwuliza chini ya picha pameandikwa nini kwa Kiingereza.

"Tuta la kufukia majani, Pito," akasoma.

"Na bibi yako?"

"Bibi hajaandikwa, baba."

Miaka yote hiyo, mama anaringa sokoni. Nikamgeukia Bwana Shamba. "Mama yangu ndiye tuta?"

"Utafiti hautaji majina ya watu, Fundi. Ndiyo kanuni."

"Lako lipo nje. Kwa dhahabu."

Akakifunga kitabu. Nikamwambia sanduku nitamtengenezea bure, mninga mkavu, bawaba nzuri, lakini nautaka ukurasa ule.

"Kitabu kikitolewa ukurasa si kitabu tena."

"Na mtu akitolewa jina?"

Alinyanyuka, akafungasha vitu vyake, kimoja kimoja, akaenda kwa seremala mwingine wa mjini. Huyo alimpigia sanduku la mkaratusi mbichi. Mvua zilipoanza mbao zikavimba, sanduku likabana kama mamba. Sahani ikakwama ndani, kofia ikakwama, walilazimika kukata kwa msumeno. Nilipata habari hizo siku hiyo hiyo, nikawanunulia vijana wa karakana soda.

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu akaja kwa miguu, bila baiskeli, begi begani, akiegemea fimbo. Nilishtuka nilivyomwona. Alikuwa amekonda shingo, kola ya shati inamzunguka kama pete kwenye kidole cha mtoto. Mkononi alikuwa na kitambaa kimefungwa kwenye kidole gumba, kina damu.

"Fundi."

"Mhitimu." Sijui kwa nini nilimwita hivyo siku hiyo.

"Nimekuja kuomba sanduku. Basi linaondoka keshokutwa."

Nikaondoa gunia kwenye kona. Lilikuwepo. Nilikuwa nimeshalimaliza tangu mwezi wa kumi na mbili, kila chumba kwa kipimo chake, hata cha ule ufunguo wa wizi. Sikulitengeneza kwa huruma. Mbao zilikuwa zimeshakatwa, na mimi sipendi kuharibu mninga.

Alilipapasa. Akaweka joho, limekunjwa, na udongo wa kaburi bado kwenye pindo. Hakulifua. Nikamwuliza, akasema, "Hiyo nayo ni kumbukumbu." Akaweka sahani, kadi, chupa ya udongo, ufunguo. Akaweka kitabu mwisho, na kitabu kikacheza kidogo kwenye chumba chake, kana kwamba nimekosea kipimo. Mimi sikosei vipimo.

Akatoa bahasha kwenye koti.

Ndani mlikuwa na ukurasa. Ulikatwa kwa wembe, kwa rula, ila mwishoni mkono ulimtoka. Ndiyo maana ya kile kidole. Mama alikuwa na macho mawili, blauzi ya kanisani, rozari, na ile sura ya mtu aliyemwamuru mpiga picha. Maneno ya Kiingereza chini yake yalikuwa yamefutwa kwa mstari wa wino. Juu yake, kwa mwandiko ule aliowaandikia watu barua zao, kulikuwa na maneno ya Kiswahili. Niliyasoma mwenyewe kwa kidole, sikumwita binti: Mama Skolastika wa Pito, aliyenifundisha tuta.

"Na huko chuoni watasema nini wakifika ukurasa wa arobaini na moja?"

Akafungua kitabu, akafungua chote, mpaka mgongo ukalia. Mahali pa ukurasa alikuwa amebandika karatasi: Ukurasa huu umerudishwa kwa wenyewe.

Mimi si mtu wa maneno laini, nikatazama ule mkato.

"Umekata vibaya," nikamwambia. "Ungeniletea mimi."

"Fundi, hujui hata kushukuru."

"Chuoni kwetu hatukufundishwa."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na nikaona alivyokuwa amebakiwa na pumzi chache. Kisha akachukua fimbo yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Zile alama saba," akasema, "bado."

Sanduku liliondoka na basi la Mbeya. Yeye mwenyewe hakufika kwenye sherehe. Alizikwa Kate kabla yake. Nilikwenda.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, bati. Nina karakana yenye meza nne. Nina mashine mbili za kusaga, moja Milanzi, moja Pito. Nina ng'ombe kumi na wanne. Nina shamba la mama, ntumba zake zinatengenezwa mwezi wa pili, si wa saba. Nina baiskeli mbili na redio. Nina picha moja ya mama yangu, yenye jina, kwenye fremu ya mninga, ukutani. Tuta halionekani.